Rangi Uliyotuagizia na Kifua cha Mama

Kando ya Mto Taquari,
Agosti 4, 2024

Mpendwa mdogo wangu Ademir,

Nakusalimu kwa moyo wote, ingawa moyo wenyewe leo unawaka moto. Hujambo? Wifi yangu Rosane hajambo? Mapacha wameacha kukohoa? Mimi ni mzima, mgongo tu ndio umegoma. Dada Ivete naye mzima, tena mzima kupita kiasi. Mama anapumua. Neno hilo nimeliandika kwa makusudi. Wiki mbili zilizopita hatukuwa na hakika nalo.

Najua huna habari, kwa sababu Ivete alikwambia Mama ana mafua. Mama alilazwa siku tano, mashine ya mvuke usoni. Kilichomlaza ni nyumba yake mwenyewe, pamoja na rangi uliyotuagizia wewe. Ndiyo maana sikukuandikia kwenye simu. Kule ungenijibu kwa kidole gumba. Karatasi haina pa kukiweka.

Maji ya mafuriko yalipoondoka mwezi wa tano tulizoa matope kwa koleo siku kumi na saba. Kisha nikafungua milango na madirisha yote. Mzee Valdemar, yule fundi aliyekujengea banda la nguruwe, akagonga ukuta kwa kidole, akasikiliza kama daktari, akasema, "Tofali limelewa maji hili. Bandueni lipu ya chini, muuache ukuta uchi mpaka kiangazi, ndipo mpake." Unaijua baridi yetu. Ukungu unapanda kutoka mtoni hautoki hadi saa nne, na nguo ukizianika zinarudi nzito kuliko zilivyotoka.

Lakini tarehe kumi na nne ya Julai ilikuwa zamu ya Mama. Kile kisanduku chenye sanamu ya Bikira Maria kinazunguka nyumba thelathini, kila nyumba siku yake, na Mama hajakosa siku yake tangu wewe hujaota ndevu. Ivete akaapa kwamba Mama Maria hataingia nyumba yenye mstari wa matope ukutani.

"Unataka alale ghalani?" akaniuliza.

"Alijifungulia zizini, dada. Doa la ukuta litamfanya nini?"

"Ulimi wako huo, Zulmira, ndio uliokuachanisha na mumeo."

Akakupigia simu wewe. Nawe, uliye huko mbali kaskazini, Rondônia, kwenye jua la kukaangia mayai, ukaagiza kwenye duka la huku kwetu makopo sita ya rangi ya mpira isiyopitisha maji, ukamwambia, "Paka mara mbili, hakuna kitakachoonekana." Ulisema kweli. Rangi isiyopitisha maji haiyaachi yaingie wala yatoke, na maji yalikuwa tayari ndani. Mliyafungia kama kuku. Juu ya hayo Ivete akafunga madirisha, akakoka jiko la kuni mchana kutwa, eti nyumba ikauke. Akaigeuza nyumba kuwa sufuria yenye mfuniko.

Zamu ikafika. Majirani wakasali, wakala keki ya mahindi, wakasifu kuta nyeupe. Picha ikatumwa, ukaandika, "Ivete, wewe ndiye mwanamke wa shoka!" Mimi wa koleo nikapata kile kidole gumba chako. Mama, aliyekuwa amehama tangu mafuriko, akaketi kwenye kiti chake, akasema, "Nimefika kwangu, sitoki tena." Nani angethubutu kumtoa?

Siku ya nane kuta zilikuwa zimefura malengelenge. Niliminya moja, maji yakanitiririka hadi kwenye kiwiko. Nikasogeza kabati lililo karibu na kichwa cha kitanda cha Mama. Ukuta wa nyuma yake mweusi tii, kuvu tupu, umeota manyoya kama paka. Mama alikuwa akilala uso umeelekea huko huko, na asubuhi hiyo midomo yake ilikuwa zambarau, hawezi kumaliza sentensi. Unamjua Mama. Lini umemwona akishindwa kumaliza sentensi?

Nisijifanye mtakatifu. Jikoni nilipaka mimi, kwa mkono wangu huu, nimechoka kugombana. Kwa hiyo hasira hii ikikufikia, ujue nusu yake nimeibakiza hapa.

Sasa Mama yuko kwangu. Mimi na Mzee Valdemar tumekwangua rangi na lipu hadi tofali, kimo cha mabega, nyumba nzima. Mama alipoiona alilia. Ivete naye anamwahidi kwamba tarehe kumi na nne ya mwezi huu atamrudisha, kwa sababu ukuta "unaonekana mkavu." Mzee Valdemar akamwambia, "Bibi wee, nyumba haikauki kwa sala za novena." Ivete hasalimiani naye tena.

Sitaki makopo, sitaki hela. Mimi Mama hanisikilizi, ni yule binti aliyemvunjia ukuta. Wewe ndiye mwanawe wa kiume wa pekee. Ukisema mvua inanyesha kwenda juu, atatafuta mwavuli wa miguuni. Mpigie kabla ya tarehe hiyo. Mwambie kwa kinywa chako kwamba rangi ilikuwa kosa lako, kwamba Bikira atapokelewa kwangu, na kwamba nyumbani harudi mpaka kiangazi. Usiseme "Zulmira kasema." Sema wewe.

Atakusamehe kabla hujamaliza. Mimi asinisamehe, si neno. Anune, anigombeze, anitupie kijiko. Yote hayo yanahitaji pumzi, nazo anazo.

Barua hii anakuletea dereva wa lori la mchele, mpe kahawa. Nisalimie Rosane, mapacha, na binamu Claudir. Ivete angekusalimu kama angejua ninaandika. Mungu awalinde nyote, na wewe akupe ujasiri wa kutamka neno dogo hilo, nilikosea.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Zulmira