Makaa Juu ya Kifuniko

Mpendwa Kendi, mjukuu wangu,

Nisamehe kwa kunyamaza tangu Agosti. Hapa Kiirua tu wazima, na ng'ombe amezaa. Umeniuliza, kwa kuwa nilikuwa mwalimu, kama kuoka keki ya Krismasi ni somo la kweli la hesabu kwa watoto unaowafundisha nyumbani. Nikikataa, utawarudisha shuleni Januari.

Nilipokuwa darasa la sita, mama aliniachia kazi ya kuoka keki ya Krismasi. Wageni walikuwa wengi, basi nikazidisha kila kitu kwa mbili: unga, mayai, sukari, hata makaa ya juu ya kifuniko cha sufuria. Keki iliungua juu, katikati ikabaki uji.

Mama, ambaye hakusoma, alicheka. "Wewe msomi, hata moto umeuzidisha?"

Shule ndiyo iliyonifundisha kuzidisha. Jikoni ndipo nilipojua kisichozidishwa. Nimesahihisha madaftari miaka mingi, lakini hapa sijui nitie tiki wapi. Usinunue sare bado. Nikishaamua, nitakuandikia siku hiyo hiyo.

Nyanya yako