Kaa wa Kubebwa kwa Ndoo

Baba Kulwa,

Waraka ni nusu ya kuonana, na kwa upande wako naona nusu inatosha. Naandika wazi kwa sababu wewe ndiye uliyeanza. Ulimtuma dada yako atangaze mbele ya watu, ibada imekwisha tu, kwamba umechoka na Igunga, kwamba eti umenisamehe aibu niliyokutia, na kwamba Jumamosi utashuka kwenye basi, usimame mtoni na kunipigia mluzi kama zamani. Umenisamehe! Wanawake wa kwaya walinitazama waone kama nitalia au nitacheka. Nilicheka, na wao wakapata ruhusa.

Mluzi naukumbuka, usidhani nimesahau. Tulikuwa wachumba. Ulinipeleka kwenye chemchemi ya msituni, kule baba yangu alikotundika mizinga, ukakamata kile kidudu cheusi kinachozunguka juu ya maji kama kimelewa, ukaniambia nitoe ulimi. "Kikikuuma tu, mluzi unakuja wenyewe," ulisema. Kiliniuma. Nililia, wewe ukacheka hadi ukakaa chini, na jioni ile kweli nikapiga mluzi wangu wa kwanza. Nilikupenda sana siku ile, sina haja ya kuficha. Ulikuwa mtu anayejua kilichomo ndani ya maji, nami nikadhani mtu wa namna hiyo hawezi kuwa na uchafu.

Ndiyo maana yule binti mtaalamu wa maji alipokuja kijijini kutufundisha kupima mto kwa wanyama wake, wewe ulikuwa wa kwanza kukunja suruali. Wavu, beseni jeupe, na kugeuza mawe, basi. Alisema ukitaka habari za mto, mtazame anayeishi chini ya jiwe. Ukikuta kaa, na vile vidudu bapa vyenye mikia mitatu vinavyong'ang'ania mawe penye maji ya kasi, maji ni mazima. Ukikuta ruba na minyoo myekundu peke yao, maji yanaumwa. Ulijifunza upesi kuliko sisi sote. Hata mezani, tonge la ugali mkononi, ulikuwa unatuhadithia mambo ya mikia mitatu.

Tukaenda kugeuza mawe ya mto wetu pale darajani, chini kidogo ya vitalu vya tumbaku. Ruba na minyoo myekundu. Hakuna aliyeuliza sababu. Vitalu vyote vilikuwa ukingoni, chako kikiwa cha kwanza, na kila aliyemaliza kupulizia dawa aliosha bomba lake palepale mtoni. Mimi mwenyewe nalima tumbaku, sikuwa adui wa kitalu cha mtu. Lakini Kulwa, mwanao wa kumzaa, alikuwa ameoga maji yale na kuyanywa, akashinda anatapika kwenye kanga yangu. Kijiji kikakubaliana kwamba mtaalamu arudi apime rasmi, na akikuta mto unaumwa, vitalu viondoke ukingoni. Ulipiga makofi kwenye mkutano ule. Nilikuona.

Uvivu wako nilikuwa naujua, ila sikujua kina chake. Vitalu vikihama, ungelazimika kubeba maji ya kumwagilia na kuvuka shamba moja. Shamba moja tu, Baba Kulwa! Hilo ndilo lililokushinda. Kuliko kubeba maji, ukaona afadhali ubebe wanyama.

Ulichukua ndoo yangu ya asali. Ukaenda nayo chemchemini, palepale uliponifundisha mluzi, ukageuza mawe, ukaijaza kaa na vidudu, ukaileta kwa pikipiki na kuimwaga chini ya daraja ili kesho yake mgeni awakute. Asubuhi nilipoingiza mkono niisafishe ndoo nichujie asali, kaa aliyebaki ndani akanibana kidole. Nikajua kila kitu kabla sijamaliza kupiga kelele.

"Nyamaza, mke wangu," ukaniambia. "Ni mgeni wa siku moja."

Kulwa alikuwa amelala nyuma yako, midomo imemkauka.

Ile njia ya chemchemini mababu zako waliipita wakiwa wapagazi, pembe za ndovu begani, hadi pwani, na mzigo ukafika mzima. Sisi Wanyamwezi tulijulikana kwa kubeba. Wewe ulibeba kaa kutoka msituni hadi darajani, wakafika wakitafuta pa kufia.

Niliishika ile ndoo nikaenda kumwonyesha mtaalamu, lakini sikupata nafasi ya kusema, maana kaa wako walikuwa wamenitangulia. Kijiji kizima kilikuwa kimesimama ukingoni, na wao walikuwa wametoka majini. Wengine walipita katikati ya miguu ya watu wakielekea porini. Wengine walishalala majanini, matumbo juu.

"Baba, mbona hawa wako nje ya maji?" yule binti alikuuliza kwa upole.

"Wanaota jua," ukasema.

Hapo ndipo mama yako mzazi, ambaye hasemi ovyo, akafungua mdomo. "Mwanangu, tangu lini kaa akaota jua chali?"

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Binti hakucheka. Aligeuza jiwe, akakuta wale wa mikia mitatu wamekufa kwenye tope. "Hawa ni wa maji ya kasi," akasema. "Hapa maji yamelala. Nani kawaleta?" Ukajibu kwamba labda ni mvua. Mvua, katikati ya kiangazi, vumbi limetufika magotini! Njia ya mwongo ni fupi, lakini yako hata daraja haikuvuka. Kabla jua halijazama ulishadandia lori la Igunga. Hukumuaga hata mtoto mgonjwa.

Sasa sikiliza habari za huku. Vitalu vilihama. Tunabeba maji na kuvuka lile shamba, na hakuna aliyekufa kwa kubeba. Mabomba tunayaoshea shambani, mbali na mto. Kulwa alipona, ana sauti kubwa kuliko redio. Mto ndio uliochelewa. Msimu wa kwanza tuligeuza mawe tukakuta ruba walewale, nikarudi nyumbani sina hamu ya kula. Baadaye wakaja konokono, kisha watoto wa kereng'ende. Mwaka huu nilikwenda na pacha wako wote wawili, Doto akageuza jiwe chini ya daraja akapiga ukelele. Kaa, mdogo kama ukucha, akatuinulia magando yake kama anataka vita. Kulwa alitaka kumbeba ampelekee bibi. Doto akamzuia: "Mwache, amekuja mwenyewe." Basi bibi akaja kumwona, akaingia majini na viatu vyake. Nililia mbele yao na sikuona haya.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana. Sikuchukii. Chuki ina kazi nyingi, nami nina mizinga ya kurina. Nakudharau tu, na hilo halinichoshi. Watoto ni wako. Wakitaka kukuona, likizo watakuja huko na nauli nitawapa. Mama yako anakaa kwangu, anakula vizuri. Nilimwuliza kama ana neno la kukuambia. Alifikiri kidogo, akasema, "Igunga nako kuna jua. Aote hukohuko."

Jumamosi usishuke kwenye basi. Ukipiga mluzi pale mtoni hatatoka mtu. Hata kaa hawatoki tena. Maji yao ni mazuri.

Ni mimi,
mama wa Kulwa na Doto