Watu Arobaini na Watatu

Mdogo wangu, kitindamimba wa mama yetu,

Kwa miaka thelathini na minane nimekuficha idadi moja ya watu. Nitaitaja humu kabla sijaweka kalamu chini, lakini kwanza salamu, maana hata mtu anayekufa ana adabu zake. U hali gani? Goti lako limepatana na ngazi za chuo, au bado linakulazimisha kuzunguka nyuma? Wajukuu wanaendeleaje? Mimi namshukuru Mungu kwa kilichobaki: macho, mkono mmoja unaoandika, na ulimi, ambao daktari anasema ndio utakaougua mwisho. Mapafu yameshakata shauri. Daktari alizungumzia wiki, si miezi, na aliponiona nakodolea dari akadhani nimeogopa. Nilikuwa napiga hesabu. Mke wa mwanangu ameniwekea mto mgongoni, akanisihi niandike nusu ukurasa tu, baba, nusu tu. Nimemwambia nusu ukurasa ni risiti, si barua. Ameondoka akicheka, na mlango ameuacha wazi ili asikie nikikohoa.

Barua yako nimeipata. Unaniambia kuwa Jumamosi ya wiki ijayo filamu yako ya kwanza itaonyeshwa tena, katika ukumbi wa chuo ulichofundisha, mbele ya wanafunzi na wageni. Utanitumia gari. Vijana watanibeba na kiti changu mpaka jukwaani, nitapewa kipaza sauti, na nitasema neno moja tu: nilikosea. Halafu ukumbi mzima utanipigia makofi, na umeandika, kwa mwandiko wako ule wa kibabe, kwamba hapo ndipo tutakuwa tumemalizana, kaka.

Siji. Na mapafu usiyasingizie. Hata ningekuwa na kifua cha mbeba magunia nisingekuja. Kila harusi ya ukoo huu umeniuliza mbele ya watu, haya mtabiri, leo wageni wangapi? Kwenye mazishi ya shangazi uliniuliza hivyo hivyo, kwa kunong'ona, na mjomba akacheka mpaka akatolewa nje. Nimevumilia kwa sababu zangu. Lakini kupanda jukwaani kukiri kosa ambalo sikulifanya, hapana.

Barua hii ukipenda wasomee wanafunzi wako, kwa hiyo nitaandika na yale unayoyajua.

Waambie kulikuwa na safu katika gazeti letu, ukurasa wa kumi na moja, pembe ya chini, iliyoitwa Viti Vitupu. Kila Ijumaa nilitabiri watu wangapi wataingia katika sinema mbili za mji mpaka Jumapili, na kila Jumatatu niliandika idadi halisi kutoka kwenye daftari la meneja, kando ya utabiri wangu, ili kila mwenye macho alinganishe. Nilifanya hivyo miaka kumi na tisa. Watu walilikunjua gazeti kuanzia ukurasa huo, mhariri mwenyewe alikiri, huku amenuna. Kuhusu filamu moja ya mapenzi niliandika kwamba mabinti watakuja kwa hiari na wachumba watakuja kwa kuburutwa, jumla mia sita na kumi. Kuhusu sehemu ya sita ya filamu fulani ya ngumi niliandika kwamba shujaa alikufa katika sehemu ya nne lakini hakuna aliyethubutu kumwambia mtayarishaji, jumla mia tisa na themanini. Waliingia mia tisa na sabini na tisa. Meneja aliniambia mtu wa mia tisa na themanini alirudia mlangoni kwa sababu alisahau pasi ikiwa moto.

Wengi walidhani nina mganga. Nilikuwa na benchi. Jumatano saa sita mchana mchoraji alipandisha bango jipya, nami nilikaa kwa kinyozi ng'ambo ya barabara na kuhesabu. Wapita njia waliosimama sikuwajali sana, mtu husimama hata kwa ajili ya mbwa. Niliwahesabu wale ambao, wakishapita, waligeuza shingo tena. Na nilikuwa na sharti: filamu yenyewe siitazami kabla wala baada. Ijumaa niliingia kwa kadi ya gazeti, nisihesabiwe, nikaketi safu ya mwisho na kutazama visogo. Ukiitazama filamu unaanza kuionea huruma, na huruma haijui kujumlisha.

Ndipo ukaleta ya kwako.

Ulikuwa umeikusanya kwa miaka mitano, vipande vipande. Bango lilikuwa na mwanamke amebeba shuka zilizolowa, basi. Hakuna bastola, hakuna busu. Siku ile waliosimama walikuwa wawili. Mmoja alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Wa pili ulikuwa wewe.

Ulitaka nifanye nini? Nikaandika nilichokiona. Niliandika kwamba filamu ina dakika kumi na moja za shuka zikianikwa, maana ulinitajia mwenyewe kwa majivuno, na kwamba mtazamaji akienda msalani atarudi akute zimekauka. Nikatabiri watu arobaini na watatu: ishirini ndugu na jamaa, kumi na watano wanaokimbia mvua, saba waliokosea mlango, na mmoja mlinzi anayetafuta pa kusinzia. Mji mzima ulicheka. Asubuhi ile ya Ijumaa ulinijia ofisini na gazeti mkononi, mbele ya wapiga chapa, ukaniambia kwamba mama angekuwa hai angenichapa na shuka hiyo hiyo, na kwamba huwezi kulala katika mji ambao kaka yako ndiye anayeongoza kicheko. Ukapanda basi ukaenda kwa shangazi, safari ya siku nzima. Sikukuzuia. Wala leo sikuombi radhi kwa maneno yale. Yalikuwa mazuri, na kila mmoja wenu ameyakariri miaka yote hii kuliko sala zake.

Jumatatu, huko kwa shangazi, ulisoma safu yangu. Niliandika kwamba nimeumbuka. Niliandika kwamba Ijumaa walikuja thelathini na mmoja tu, lakini Jumamosi na Jumapili ukumbi ulijaa, viti mia nne kila siku, jumla mia nane thelathini na mmoja. Na kwamba ambaye hajaiona aende, tujue kama mjinga katika mji huu ni mimi peke yangu. Uliporudi Jumatano ulikuta mstari wa watu umezunguka kona. Ukanikumbatia na kunitukana kwa pumzi moja. Tangu hapo ukawa mtu aliyemshinda mtabiri. Ukapata watu wa kukuamini, ukatengeneza nyingine tatu, ukafundisha.

Sasa sikia. Ijumaa walikuja thelathini na mmoja, hiyo ni kweli. Niliiacha kama ilivyo kwa sababu wajomba walikuwepo na wana midomo. Jumamosi walikuja tisa. Jumapili walikuja watatu. Jumlisha mwenyewe, au mpe mwanafunzi wako yeyote. Ni arobaini na watatu, kamili, hakuna aliyezidi hata wa kupakatwa. Ule ulikuwa utabiri wangu bora kuliko wote, na niliuzika kwa mkono wangu. Ndiyo maana siji kukiri kosa. Kosa sikulifanya. Nililiandika.

Meneja nilimfuata Jumapili jioni, akiwa anafunga daftari. Alishasema filamu yako inashuka kesho na ya ngumi iko kwenye boksi inasubiri. Nilimwambia aiache wiki moja zaidi na aniachie mimi idadi. Aliniuliza kama nimerogwa au nimependa. Alisema amenijua miaka yote kama mtu asiyeweza kumwongezea yeye mteja mmoja hata siku yake ya kuzaliwa, leo naongeza ukumbi mzima mara mbili? Alinikazia macho, kisha akasema niandike nitakacho, yeye akiulizwa atasema daftari limemwagikiwa chai. Na akalimwagia kweli, mbele yangu, akilalamika kwamba chai ilikuwa bado ya moto.

Utauliza kwa nini. Utadhani nilikuonea huruma. Acha kujipendekeza.

Ijumaa ile niliketi safu ya mwisho kama kawaida, nikamaliza visogo haraka, havikuwa vingi. Nikawa sina la kutazama. Nikainua macho. Yule mwigizaji wako alikuwa anakunja shuka za hospitali, kama mama, aliyeifulia hospitali, alivyokuwa akizikunja kila jioni uani. Unakumbuka nilivyokuwa nikimsaidia? Wewe ulikuwa mdogo. Mimi nashika ncha mbili, yeye mbili, tunavuta mpaka kitambaa kinalia, halafu tunatembea kila mmoja kumwendea mwenzake, namkabidhi ncha zangu, vidole vyetu vinagusana, narudi nyuma. Shuka arobaini, hamsini kwa siku. Nilichukia. Nilipopata nafasi ya shule ya bweni, nikiwa na miaka kumi na miwili, nilishukuru zaidi ya yote kwamba nimeziepuka shuka.

Katika filamu yako mtoto anaondoka kwenda shule. Siku ya pili yule mama anatoka na beseni, anazitoa shuka kambani, anasimama. Kisha anafunga ncha mbili kwenye nondo za dirisha. Anavuta. Anaanza kuliendea dirisha na shuka mkononi, anafika, anazifungua ncha mwenyewe, anarudi. Anachukua nyingine.

Sikujua. Nilikuwa nimeishi miaka thelathini na mitano na hakuna aliyewahi kuniambia kuhusu lile dirisha. Wewe uliliona ukiwa na miaka minne, ukakaa nalo mpaka ukapata kamera. Na mimi nilikuwa nimeliandikia mzaha wa msalani.

Hata hivyo, mzaha siufuti. Ulikuwa wa haki kwa bango, na bango lilikuwa baya. Uongo nao siufuti. Wiki ya pili Ijumaa waliingia mia mbili na sitini, Jumamosi ukajaa, Jumapili walisimama ukutani, na hao wote walikuwa watu wa kweli, kila mmoja na kisogo chake, niliwahesabu. Gazeti langu liliwafikisha mlangoni. Hakuna gazeti linaloweza kumkalisha mtu saa moja na dakika hamsini, wala kumrudisha na mama yake siku inayofuata. Wiki sita ilizodumu ukumbini ni zako. Filamu tatu ni zako. Usithubutu kulia, wala usije hapa kunishukuru, utanipotezea pumzi.

Ningeweza kufa kimya nikuachie ushindi wako. Nilikusudia hivyo mpaka barua yako ilipofika. Lakini unasema utawaambia vijana wale kwamba kazi nzuri watu huitambua siku za kwanza tu, na kwamba hata kaka yako mwenye roho ya jiwe alishindwa na umati. Kati yao yupo mmoja ambaye filamu yake ya kwanza itapata watu arobaini na watatu. Ataenda nyumbani ataifunga kamera kwenye sanduku, kwa sababu mwalimu wake alijaza ukumbi. Sikubali. Simama wewe jukwaani Jumamosi hiyo na uwaambie walikuja wangapi. Umri unao, jina unalo, idadi hiyo haiwezi tena kukufanya kitu.

Wasalimie watoto na wajukuu, na mwambie mumeo kwamba shati lake nililoazima silirudishi, nimeagiza nizikwe nalo. Mke wa mwanangu anakusalimu sana. Amesimama mlangoni sasa, anahesabu kurasa kwa macho na kutikisa kichwa. Mwanangu naye anakusalimu. Atakuletea barua hii mwenyewe, na umpe chakula, anakonda kwa kunitazama.

Limebaki jambo moja, na hili usiwasomee wanafunzi. Nimekwambia Ijumaa niliingia kwa kadi ya gazeti, sikuhesabiwa. Jumamosi kadi niliiacha nyumbani. Nilikwenda dirishani nikakata tiketi kama mtu yeyote, nikaketi safu ya tatu, na miongoni mwa wale tisa mimi nilikuwa mmoja. Jumapili nilirudi. Tulikuwa mlinzi, bibi mmoja aliyevaa miwani ya jua mpaka mwisho, na mimi, na mkata tiketi alinichania tiketi yangu bila kuuliza kitu. Basi zitoe tiketi zangu mbili, maana mtabiri hahesabiwi katika utabiri wake. Walikuja arobaini na mmoja, mdogo wangu. Nilikosea.

Kaka yako