Mtulivu Kuliko Wote

Jumapili, Nguvumali

Mtulivu kuliko wote! Maneno hayo yananikera mpaka sasa. Msimamizi wa nyumba ya soba, wanakosaidiwa watu kuacha dawa za kulevya, aliyasema kwa furaha nilipokwenda kumwona mdogo wangu Hamisi, wiki yake ya tatu pale. "Dada, huyu habishani na mtu. Jioni kwenye kikao, wenzake wakisimulia unga ulivyowaharibu, yeye anaitikia kwa kichwa tu."

Hamisi ni kiziwi. Niliwaambia.

Soba mbili za mwanzo zilimkataa. Hii ikasema hakuna shida, tiba yenyewe ni mazungumzo tu. Nilikuwa nimechoka, nikamwacha.

Leo kaniuliza kwa ishara zetu za nyumbani: kila jioni wanakaa duara wanalia, msiba ni wa nani?