Baba Wembe na Kioo cha Arobaini na Tatu

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile moyo wako uliposimama ukiwa umekaa kitini unafunga kamba za viatu uende kazini. Mama alikuita mara mbili kutoka jikoni, na wewe hukuwa mtu wa kuitwa mara mbili. Tumelia vya kutosha. Leo tunataka kukusifu, na wasomaji watuwie radhi tukijigamba kidogo.

Kwa wasiokujua: ulikuwa fundi wa maabara ya hospitali kwa miaka thelathini na mmoja. Kinyama kidogo kilichotolewa mwilini mwa mgonjwa kililetwa kwako, ukakigandisha ndani ya nta, ukakikata vipande vyembamba kuliko karatasi, ukavibandika juu ya vioo vidogo ili daktari avisome kwa hadubini. Wenzako walikuita Wembe. Kila kinyama ulikiita "mgonjwa," na ulimkemea yeyote aliyekiita "sampuli."

Nyumbani ulikuwa balaa. Mkate ulioukata wewe ulipakwa siagi upande huu ikatokea upande wa pili. Wageni walidhani sisi ni wachoyo. Mama, fundi saa, alikuwa akikutania: "Wewe kata, mimi niunge, ndiyo ndoa yetu hiyo."

Halafu ikaja ile miezi ya maumivu ya kichwa ya Mama. Yalianza panjani, kati ya jicho na sikio, upande wa kulia. Akasingizia kile kioo cha jichoni anachovaa akifungua saa. Akaacha kuchana nywele upande huo. Mezani akawa anatafuna mara tatu, anapumzika, eti taya zimechoka. Sisi tulimcheka, Mungu atusamehe. Wewe ulikuwa unamtazama tu.

Asubuhi moja akasema, kama anayetaja mvua, "Jana jicho lilizimika kidogo, likawaka tena. Kama taa tu."

Ulitua kikombe. "Vaa viatu."

"Nina saa ya mteja mezani."

"Vaa viatu, mama watoto."

Daktari alimpa vidonge siku hiyo hiyo bila kusubiri. Alihofia kwamba mshipa wa damu wa panjani umevimba kwa ndani, na uvimbe huo ukifikia mishipa ya macho, mtu anaweza kulala anaona akaamka kipofu. Akatoa kipande cha mshipa, kirefu kama punje mbili za mchele, kipimwe. Mkuu wa maabara alikuambia umwachie mwenzako. Ukakataa katakata. Ukakata vioo vinne, kama mlivyozoea, na daktari wa hadubini akaandika: hakuna ugonjwa.

Nyumba ililipuka kwa furaha. Mama ndiye aliyefurahi kuliko wote, kwa sababu vidonge vilikuwa vimemjaza uso na kumpandisha sukari. "Uso huu si wangu," alisema. "Wanipunguzie, niviache." Daktari alikubali kuanza kumpunguzia Jumatatu.

Wewe peke yako hukufurahi. Ulikaa na sahani yako mpaka chakula kikapoa, kisha ukasema neno ambalo hatukuwahi kulisikia kinywani mwako kuhusu kazi yako.

"Nimekosea."

Ukatueleza taratibu. Ugonjwa huu unaruka. Unashika hapa, unaacha pale, unashika tena mbele. Vioo vinne vya ncha moja havijui chochote cha ncha nyingine. "Nimeukata mshipa wa mke wangu kama nakata chunjua," ulisema. "Nta imebaki kabatini. Mgonjwa bado yumo."

Mama akaudhika. "Kwa hiyo unataka niwe mgonjwa?"

"Nataka uone. Meza vidonge mpaka Jumatatu. Nisiporudi na jibu, fanya anavyosema daktari."

Siku iliyofuata ilikuwa Jumamosi. Uliingia maabara alfajiri na kukata mpaka mchana, kioo baada ya kioo, hujanywa hata maji. Mkuu akalalamika kwamba unamaliza vioo vya mwezi mzima. Ulimjibu kwamba ataviona vyote vikiwa na kazi. Daktari wa hadubini, uliyemtoa nyumbani kwake kwa simu nne, alivisoma kimoja kimoja. Kisafi. Kisafi. Kisafi. Kwenye cha arobaini na tatu akakusogezea kiti. Njia ya damu ilikuwa imebanwa ikabaki uwazi mdogo kabisa, na ukutani mwa mshipa zilikaa zile seli kubwa, kila moja na viini vyake vingi vimejipanga ukingoni. Mlikuwa mkiziita majitu.

Baba, wewe hukuwahi kukimbia maishani mwako. Siku ile ulikimbia na koti jeupe mitaa mitatu mpaka kwenye meza ya Mama, ukapiga kelele mbele ya wateja: "Yapo! Majitu yapo!" Ukamshika mikono, ukacheza naye pale kati ya saa za watu. Mteja mmoja aliuliza kama mmepata mtoto. Hakuna aliyewahi kushangilia ugonjwa wa mkewe namna ile, na hakuna aliyekuwa na haki zaidi ya kushangilia.

Mama alimeza vidonge miaka miwili, vikipunguzwa kidogo kidogo. Uso wake ukarudi. Jicho halikuzimika tena hata mara moja. Leo ni miaka minane, na ndiye aliyechagua picha yako iliyo juu hapa, akakataa tano nyingine kwa kasoro ambazo sisi hatuzioni.

Jumatatu ile ulibandika karatasi ukutani pa maabara, kwa mwandiko wako: "Mshipa wa panja ukatwe mpaka nta iishe. Mimi nilikata vioo vinne, nikakosea. Wembe." Tulikuomba uondoe jina lako. Ulisema bila jina hakuna atakayeamini.

Mwezi uliopita mwenzako aliyerithi kiti chako alikuja nyumbani na mgeni, mzee mmoja aliyeumwa kama Mama. Vioo vya mgeni huyo pia vilianza visafi. Mwenzako akatazama ukutani, akaendelea kukata. Majitu yalikuwa kwenye kioo cha thelathini na moja.

Tunakukumbuka siku zote, na tunajivunia wewe: mkeo, fundi saa, binti yako mwalimu wa chekechea na mumewe fundi bomba, mwanao dereva, dada yako mkunga, wajukuu wako wawili wanaokata mkate vibaya, na mzee yule mgeni, mhariri mstaafu, ambaye hukuwahi kumjua, aliyeisoma kumbukumbu hii yote kwa macho yake mwenyewe, akatusahihishia makosa mawili kabla haijaenda gazetini.