Mjomba Anataka Kulichemsha Jiwe

Mpendwa Shangazi Édna, naomba msaada wako, na naomba barua hii uisome wewe redioni usinipigie simu, kwa sababu mimi ni mtu wa haya, nina miaka kumi na sita, nimesomeshwa kwa Kifaransa na kwa Kiingereza na zote mbili hunikauka mdomoni mjomba wangu akinitazama. Tumwite Rhéal. Ndiye aliyenifundisha kufuga matumbawe kwenye tangi la maji ya chumvi, na siku yangu ya kuzaliwa alinipa jiwe kutoka tangi lake mwenyewe, limejaa matumbawe madogo ya kijani kama vifungo vya shati, nami nikalitumbukiza vivyo hivyo bila kulitenga kwanza, maana nani atamwambia mjomba kwamba jiwe lake linahitaji karantini? Sasa tumbawe langu la zambarau, nililolilea tangu likiwa na ukubwa wa ukucha, limeanza kunyauka upande mmoja. Jumapili mjomba alimulika tochi akaona mnyoo mwenye manyoya akijichomeka shimoni, akapaza sauti, "Mwizi huyo! Jumapili ijayo naja na sufuria ya kambakoche, tunalichemsha jiwe zima!" Nikasema, "Lakini mjomba..." Binamu yangu Zoël akadakia, "Kimya jamani, bubu anahutubia!" Wakacheka wote.

Shangazi, mnyoo hana kosa. Mwizi ninamjua: ni anemoni wadogo wa kahawia waliokuja na jiwe, wanyama wenye umbo la ua, wembamba kama miavuli iliyopinduliwa na upepo, wanaolichoma tumbawe langu kila mkondo wa maji unapowasukuma. Mmoja nilimsugua kwa mswaki nikadhani nimemmaliza, kumbe kila kipande kimeota kikawa anemoni mzima, sasa ni ukoo. Tena nimesoma kwamba jiwe lenye vile vifungo likichemshwa, mvuke wake ni sumu. Nitamwambiaje mtu aliyenifundisha kila kitu kwamba amekosea mara mbili, na mbele ya watu? Au nilitupe jiwe kimyakimya niseme limepasuka?

Bubu wa Shediac

Mwanangu, hilo jina la Bubu mrudishie Zoël. Anemoni umemtambua sawasawa. Ukimgusa anajirudisha ndani ya tundu kufumba na kufumbua? Basi ndiye. Mnyoo mwache afanye kazi yake, anakula makombo. Ila usimshike kwa mkono mtupu, manyoya yake yanawasha.

Mswaki, mwanangu, ni wa meno! Aliyekwambia usugue nani? Chukua chokaa ile ya kutengenezea achari, ikoroge na maji safi iwe uji mzito, ivute kwa sirinji yenye ncha butu. Vaa glavu na miwani. Zima pampu, mfunike anemoni polepole mdomo mzima kabla hajajificha, subiri uji ushike, ndipo uwashe pampu. Wachache tu kwa siku, la sivyo maji yatabadilika ghafla na utaua wasio na hatia. Kisha nunua wale kamba wadogo wa mistari myekundu wamalizie watoto wa anemoni. Na jiwe lijalo, hata likitoka kwa askofu, litenge kwanza.

Kulitupa na kusingizia limepasuka? Hapana. Jiwe litakwenda, uongo utabaki nao mezani kila Jumapili.

Sasa sufuria. Hapa sina mzaha. Sumu ya vile vifungo hupanda na mvuke ikaingia kifuani mwa kila aliyemo nyumbani, mpaka paka. Mpigie mjomba Jumamosi, akiwa peke yake, hana wa kucheka naye. Sema, "Mjomba, mkono wangu unatetemeka, njoo unishikie tochi nimpige anemoni sindano." Mwalimu yeyote hupenda kuitwa. Habari ya mvuke mwambie papo hapo, hata kwa kigugumizi. Akija na sufuria hata hivyo na ulimi ukakukauka, ulimi wa nini? Mkono unao. Zima jiko, fungua madirisha, toa watu nje. Samahani utaomba ukiwa uani.

Na wewe tuliyekuita Rhéal, najua unanisikiliza, umekaa hapo na kahawa yako. Mpwa wako amekuzidi jicho, na jicho hilo umempa wewe. Sufuria iachie kambakoche. Jumapili njoo na tochi.