Sifa Anapewa Mume, Redio Natengeneza Mimi

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla Jumamosi ya wiki ijayo haijafika, maana nikikaa sikai, nikilala silali, na jambo lenyewe siwezi kumwambia dada yangu wala jirani kwa sababu nusu yake ni siri ya mume wangu na nusu ni aibu yangu mwenyewe.

Mume wangu ni fundi wa redio za zamani, zile za sanduku la mbao zenye taa za kioo ndani, ukiiwasha unasubiri kwanza ipate moto ndipo ianze kuongea, na wapenzi wa zilipendwa wanamjua hata walio mbali, wanaleta redio za marehemu baba zao wamezifunga kwenye blanketi kama mtoto mgonjwa, na kila Jumamosi mchana wanajaa dukani kwetu na santuri zao, wanakaa kwenye mabenchi na ndoo zilizopinduliwa, wanasikiliza nyimbo walizozicheza ujanani na kubishana tarumbeta hii kapiga nani, na kiongozi wao, mzee mmoja mwalimu mstaafu, wimbo ukifika pale anapopapenda ananyoosha kidole juu, na hapo hata mwenye kikohozi anajizuia.

Sasa siri. Miaka minne iliyopita mume wangu alipata presha ya macho, daktari akasema kilichopotea hakirudi, tutunze kilichobaki kwa dawa ya matone, na kilichobaki ni kidogo, mtu mlangoni anamwona lakini waya mwembamba haoni, akaniambia, "Mama, watu wakijua, duka limekwisha," nikamwambia hakuna atakayejua, basi akawa anakaa nyuma yangu stoo, ananiambia gusa hapa, lehemu pale, nusa kama kuna kilichoungua, nami nikaunguza vidole na nguo mbili nzuri, lakini mwaka haukuisha nikawa najua kabla hajasema, na siku hizi hasemi tena, anakaa mbele anapokea wateja na sifa, mimi niko stoo nafufua redio, na sijisifu, mshauri, lakini redio ikitoka mikononi mwangu inaimba mpaka kikombe mezani kinatikisika.

Nilikuwa nimeridhika, niamini. Mpaka mwezi uliopita mwalimu alipoleta redio kubwa yenye sehemu ya kuchezea santuri, mafundi watatu walikuwa wameishindwa, nikahangaika nayo siku tisa, nikaizungusha upya koili yake kwa mkono, waya kama unywele, na ilipowashwa mbele ya watu wimbo ukatoka safi mpaka pumzi ya mwimbaji ikasikika, mwalimu akafuta machozi, akamshika mume wangu mikono, akasema, "Mikono hii haina mwenzake," kisha akanigeukia mimi niliyeshika birika, "Na wewe mama, hongera kwa chai." Mume wangu akacheka pamoja nao.

Hapo nikaumia, na hapo ndipo nilipokosea. Wiki iliyofuata niliacha waya mmoja bila kuulehemu, makusudi, na redio ya watu ikawa bubu mbele ya wote. Mume wangu akafungua kifuniko akaanza kupapasa ndani, jasho linamtoka, vidole vinapita juu ya waya ule ule visiujue, hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka, mwalimu akasema taratibu tu, "Umri, fundi, umri." Nikaona nimemvua nguo mume wangu hadharani. Walipoondoka akaniambia, "Leo nimejiona nimekwisha." Nikakusanya vikombe, na mpaka leo hajui kwamba ni mimi.

Sasa Jumamosi hiyo niliyoitaja kituo cha redio kinakuja kutangaza kipindi cha zilipendwa moja kwa moja kutoka dukani kwetu, wamemwomba afungue redio bubu aitibu wasikilizaji wakisikia, naye amekubali, ananiambia, "Utakaa kando yangu kama mtu wa kunipa bisibisi, mkono wako ufanye, mdomo wangu useme." Nikikubali nimejizika mzima mzima. Nikikataa nimemwaibisha mara ya pili. Nifanyeje?

Mke wa Fundi

MSHAURI ANAJIBU

Mama, kwanza jina hilo ulilotia chini nalikataa. Mtu aliyezungusha koili kwa mkono siku tisa hasaini barua kwa jina la kazi ya mwingine.

Pole. Hongera ya chai inauma kwa mtu aliyewatoa watu machozi kwa kazi yake. Lakini mwalimu usimlaumu, alisifu alichoonyeshwa. Huwezi kujificha stoo miaka minne kisha ununie watu kwamba hawakuoni. Na siku ya kipindi, chai wajimiminie wenyewe.

Kuhusu waya sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ulijua mumeo haoni, ukamtegea pale pale asipoona. Hasira yako ilikuwa ya haki, ulikoipeleka siko.

Mumeo naye ana lake. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Anaogopa ataonekana si fundi tena, wakati amefanya jambo ambalo wengi wenye macho mazima hawaliwezi: amemfundisha mtu ufundi mgumu kwa maneno matupu, mpaka mtu huyo akaiva. Hilo si la kuficha, ni la kujivunia, na ni lenu wote wawili.

Basi sikia. Leo hii funga mlango wa duka, mkalishe, mwambie habari ya waya. Usianze na sifa zako, anza na kosa lako. Akikasirika, mwache akasirike, usimjibu. Akishatulia mwambie kwamba Jumamosi wewe utakaa mbele ya redio, na yeye atakaa kando awaeleze wasikilizaji unachofanya, kama alivyokueleza wewe stoo. Akikataa, kipindi kiahirishwe, maana kudanganya hewani sitakuruhusu. Ila habari ya macho yake usiitangaze wewe. Neno hilo ni lake.

*Jibu hili nilimpelekea mwenyewe kwanza, kwa kuwa Jumamosi isingelingoja gazeti. Nachapisha yote leo kwa ruhusa ya mke na mume, pamoja na aliyoniandikia baadaye:*

Mshauri, nilimwambia. Siku mbili hakunisemesha, ananipita kama nguzo. Siku ya tatu akaja stoo, akauliza, "Ulikuwa waya upi?" Nikamtajia. Akafikiri kidogo, akasema, "Ungeacha wa spika ningeujua kwa kidole. Ulichagua vizuri." Nikajua nimesamehewa, na nikajua pia kwamba ananihesabu fundi.

Jumamosi duka lilijaa hadi barabarani. Mtangazaji akamsogezea maikrofoni, akamuuliza siri ya mikono yake. Akaniwekea mkono begani, akasema, "Macho yangu yamekwenda, mwaka wa nne sasa. Redio zote mlizonisifia tangu hapo ametengeneza mke wangu, huyu hapa. Nilimfundisha mimi, na amenipita." Hilo la kupitwa alilisema kifua mbele, mshauri, kama mtu anayetangaza mtoto wake kafaulu mtihani. Mwalimu mstaafu alisimama, akavua kofia, akaniomba radhi mbele ya watu. Nikaifungua ile redio, mume wangu akifuata kwa sikio na kueleza kila ninachogusa bila kukosea hata kimoja, na ilipopata moto ikatoa muziki, watu wazima na mvi zao wakacheza mlangoni.

Jumatatu asubuhi nilitoka kununua risasi ya kulehemu. Niliporudi, kabla sijaingia, nikasikia mama mmoja ndani anauliza kama fundi yupo.

Mume wangu akamjibu, "Ametoka kidogo. Kaa umsubiri."